Hatua za Mpimaji

Kabla vyombo vya kupimia havijafika Wete
hatua ya Ussi Vuai ilikuwa kipimo.
Ndugu wakigombania shamba kule Kinyikani,
wakilishana yamini juu ya mkarafuu mmoja,
alitangulia yeye, mikono nyuma, akihesabu kimya,
na akishasimika kigingi
watu walikwenda zao kula.

Sasa amesimama mlangoni mwa chumba.
Sahani ya muhogo inapoa mkononi mwangu
na nyayo zake zimeota sakafuni.
Magoti yanatikisika, yanataka, hayapati.
"Njoo," namwambia.
"Naja."
Haji.

Daktari wa Chake alinichorea kichwa
nyuma ya karatasi ya dawa.
Hapa juu, akasema, ndipo inapokaa nia.
Huku chini ndani, gizani, pana chembe nyeusi
mfano wa mbegu za papai:
hizo ndizo zinazotembea kwa niaba yako
wewe ukiwaza deni, mvua, bei ya unga,
na miguu inakwenda tu
kama mtoto aliyetumwa duka analolijua.
Za mumeo zimepukutika, Bi Raya.
Kila hatua sasa hupeleka ombi juu
na huko juu pana foleni.

Basi ndiyo maana nikimsemesha njiani husimama.
Ama neno ama mguu, viwili havipiti.
Miaka thelathini na minane nimemlalamikia
kwamba akitembea hanisikilizi;
leo ananisikiliza mpaka anakwama.

Lakini nyumbani kwa kaka yake, Mtemani,
ngazi kumi na nne alizipanda kama mbuzi!
Sote tukapigwa na butwaa.
Kufika juu, kwenye sakafu tupu, sawa, isiyo na kitu,
akaganda.

Usiku ule aliomba chaki na futi yake ya mbao.
Akakaa chini, mkono ukimcheza,
mimi nikamshikia ncha ya uzi,
tukapiga mistari toka kitandani mpaka chooni.
Mingine ilipinda. Aliifuta kwa kiganja, akairudia:
mpimaji ni mpimaji.
Umri wake wote alichora mistari
ili watu wasivuke.
Hii aliichora avuke,
na akavuka, mmoja mmoja, akiinua goti
kama anayeruka mtaro.

Leo Ijumaa. Mgeni, mke wa mwanetu,
kapiga deki nyumba nzima, maskini, kwa mapenzi.
Sakafu inang'aa.
Haina mstari hata wa dawa.

Nikaweka sahani juu ya mtungi.
Nikavua kiatu,
nikaulaza mguu wangu mbele ya wake, kwa upana,
mguu huu wenye mipasuko na hina ya arusi ya jirani.

Akautazama kama anayetafuta kigingi cha zamani.
Midomo ikacheza.
"Moja," akasema.

Muhogo ulikuwa baridi. Tukaula hivyo hivyo.