Watazamaji Kumi na Mmoja

Video ya kwanza ilitazamwa na watu kumi na mmoja.
Wanne kati yao ni mimi.
Mmoja ni mdogo wangu Eliakunda, aliyeazima bando,
akatazama hadi sekunde ya ishirini, akalala.
Sita waliobaki siwajui, Mungu awape maisha marefu.

Nilikuwa nafundisha kufungua cherehani iliyokwama,
ile ya miguu, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika ubavuni,
niliyorithi kwa baba pamoja na madeni yake.
Chumba cha Pasua, dirisha moja,
taa ni tochi iliyofungwa kwa mpira kwenye mwiko.
Mama akabisha: "Ndeonasia, unaongea na nani humo?"
Nikasema, "Na watu."
Akachungulia chini ya kitanda.

Jogoo wa jirani aliharibu rekodi saba.
Ya nane niliiharibu mwenyewe, kwa chafya.
Ya tisa ilipanda vizuri, asilimia tisini na sita,
umeme ukakatika,
nayo ikasimama pale, tisini na sita,
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado ameshika kitasa.

Mwezi wa nne simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kudekia.
Nikaizika kwenye mchele siku tatu.
Siku ya nne tukaula ule mchele; simu haikufufuka.
Fundi wa stendi aliigeuza-geuza, akasema, "Pole, dada,"
kwa sauti ya mtu wa mochwari.

Nikarudi Kiboriloni kukunja pindo za mitumba ya watu.
Suruali mia tatu na arobaini, nilizihesabu,
kila moja shilingi mia tano,
mpaka mia tano zikakaa pamoja, zikawa simu.

Mwaka wa pili, wafuasi elfu tisa.
Jumanne moja nikafungua ukurasa
nikakuta jina si langu.
Mtu ameingia usiku, amebadilisha nywila,
amefuta cherehani zangu zote, anauza viatu.
Video mia moja na kumi na mbili.
Sitadanganya kwamba nilikuwa shujaa.
Nilikaa sakafuni, nikamtukana mtu nisiyemjua,
kwa Kichaga, Kiswahili hakikutosha.

Shemeji Ndekirwa akasema, "Si nilikwambia, hewa haifugwi.
Hela ya bando ingekuwa kuku sitini."
Nilikwenda kupiga hesabu ili nimuumbue.
Nikapata kuku sitini na watatu.

Sikiliza: uzi ukivurugika chini, kwenye bobini,
mshono wa juu huendelea kupendeza hatua tatu, nne,
ndipo kitambaa kijikunje.
Mwanagenzi huvuta. Ukivuta, sindano inavunjika.
Unakata. Unafungua kifuniko, unatoa nyuzi moja moja kwa kibanio,
unapuliza vumbi,
unaanza palepale pindo lilipoachia.
Hayo niliyafundisha katika video ya kumi na tano,
iliyoibwa.
Ikabidi niyafundishe tena.

Ukurasa mpya. Siku ya kwanza, watu watatu.
Wa pili kati yao akaandika: "Kumbe uko Moshi! Tuonyeshe mlima."
Nikamjibu, mlima uko nyuma ya ukuta huu,
leo umejifunika,
na mimi nina sindano ya kubadilisha.

Juzi ikaja sauti ya mama mmoja wa Namanyere:
cherehani yake ilikaa miaka sita kama meza ya redio,
jana imeshona sare ya bintiye.
Halafu hakusema kitu. Aliisogeza simu karibu,
nikasikia chuma kikikimbia juu ya kitambaa,
taka-taka-taka-taka, bila kukwama.
Nimeirudia mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Malipo yaliingia Ijumaa, elfu thelathini na nane na mia mbili.
Luku imekula kumi.
Leo mama ametoka na kipande cha uzi wangu mweusi,
amekwenda kwa jirani kumfunga jogoo mguu.
Amerudi, ameegemea mlango: "Haya, ongea na watu wako."
Nikawasha tochi. Nikasema, "Habari za leo, mafundi,"
na jogoo akawika.
Nikaacha iende hivyohivyo.