Nimefuata Vioo

Mara ya kwanza niliishia chini, duka la dawa,
nikanunua panadoli nisizozihitaji.
Mara ya pili nikapanda ngazi saba,
nikahesabu kumi zilizobaki, nikashuka
kama mtu aliyesahau kitu kwenye bajaji.
Leo ni Jumanne, Ilala, mvua imesukuma taka hadi mlangoni,
nimezipanda zote kumi na saba,
viatu vikikoroma maji.

Daftari la mapokezi lina safu: Jina. Umri. Tatizo.
Juu yangu kuna aliyeandika "ndoa",
mwingine "msiba", mwingine "mtoto hataki shule".
Mimi nikaandika "usingizi".
Si uongo sana.
Saa za usiku wa manane nazijua kwa majina,
bando likiwa la bei chee,
mwanga wa simu ukinipaka uso rangi ya maiti,
na Siwema ubavuni, kanipa mgongo,
pumzi zake zikienda na kurudi
kama mtu anayesugua sakafu ya nyumba
ambayo mimi siishi.

Kazi yangu ni vioo.
Mtaa wa Aggrey, meza ya futi tatu, taa kichwani.
Wanakuja na simu zenye nyufa za utando wa buibui,
nami nabandua, napuliza, nabandika.
Nafuta historia za watu kwa elfu tano.
Yangu nimeifuta bure
miaka tisa, kila kabla ya adhana,
nikiapa: hii ya mwisho, wallahi ya mwisho.
Kiapo changu ni chaji ya betri iliyovimba:
asilimia mia, mara giza.

Mshauri ni mwanamke. Sikutarajia.
Bi Zamda, miwani imefungwa uzi,
feni juu yake inazunguka kwa kusuasua.
"Usingizi ulianza kukukimbia lini?"
Nikatazama kalenda ya mwaka jana ukutani.
Nikatazama kucha zangu, gundi imekaukia pembeni.
Nje fundi wa matairi anagonga ringi.
Wahenga walisema mficha uchi hazai,
lakini hawakuacha neno la mtu kama mimi,
aliyeona uchi wa maelfu wasiomjua
na wa kwake hajapata kumwonyesha yeyote,
hata mkewe,
hata kizani.

Nikasema, "Si usingizi."
Akangoja.
Nikasema, "Ni video. Zile. Za... zile."
Neno likadondoka mezani kama skrubu ndogo,
ile ambayo ikipotea simu haifungi.
Hakushtuka.
Hakutaja jehanamu, wala hakunihurumia.
Aliuliza: "Kabla hujaiwasha, dakika tano kabla,
huwa unajisikiaje?"

Kabla.
Ya wakati ule nayajua, ya baada yake nayajua,
nimeyalia bafuni, maji yakifunguliwa nisisikike.
Kabla hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikafungua kinywa niseme "hamu",
kikatoka kingine:
"Kama fremu imefungwa kufuli kwa nje,
nami nimo ndani,
na watu wanapita."

Akaandika. Muda mrefu aliandika.

Saa moja, elfu kumi na tano. Jumanne ijayo tena.
Kanipa kidaftari cha kuandika saa na hali,
"Si cha kuhesabia dhambi," akasema.
Hakuahidi kitu.
"Utateleza. Ukiteleza, uje vilevile."

Kwenye ngazi Siwema akapiga: uko wapi?
"Nimefuata vioo."
Jibu lile lile la juzi.
Lipo kwenye foleni ya matengenezo.

Mezani dada mmoja ananingoja, simu kaikumbatia,
kioo kimekwisha, namba ya siri hataki kuitaja.
"Fundi, usije ukachungulia picha zangu."
Zamani ningecheka.
Nikamvutia stuli ya pili, nikaipangusa:
"Kaa hapa karibu. Tazama mikono yangu."