Nimekosea Tarehe Tu

Hapa Níjar, ambapo paa za nailoni
zimefunika bonde hadi ufukweni,
Baba akilima huvuna kwanza plastiki:
kipande cheusi alichotandaza mwaka niliozaliwa,
kingali kizima, hakina hata kunyanzi.
Mimi, wa thelathini na nne, ninayo.

Nikachemsha mabua ya nyanya na wanga wa viazi
katika sufuria ya bibi Olalla,
nikamimina, nikaanika,
nikapata karatasi ya kahawia, nikafunika matuta sita.
Wiki ya tano ikachanika kama utando wa maziwa.
Magugu yakasimama. Baba akachuchumaa:
"Yako hufa mapema, Casilda."
"Kufa ndiyo kazi yake," nikamwambia.
"Nimekosea tarehe tu."

Msimu uliofuata nikaongeza nta.
Ikashika hadi pilipili hoho ya mwisho,
kisha trekta likapita juu yake.

Februari nilimkuta Baba amepiga magoti,
vidole ndani ya udongo, akipekua
kama mtu aliyeangusha pete.
"Natafuta ile yako."
Akafungua kiganja: mizizi, nyungunyungu mmoja,
na kipande cheusi, cha kwake.
Akakitia mfukoni.