Damu Kwenye Upindo

Ni yangu. Sikuikana hata siku moja.
Tone dogo, limeizidi kidogo mbegu ya ufuta,
kwenye upindo wa kanzu ya marehemu Seffu Mwinjaka,
kanzu ya Idi niliyomkabidhi saa nne usiku
kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Umeme ulikatika. Nikashona kwa tochi ya simu,
simu yenyewe nimeiuma kwa meno.
Sindano ikanipata kidole cha shahada.
Nikakilamba, nikaendelea. Mteja anasubiri.

Siku ya tatu akaokotwa mtaroni, njia ya Sahare.
Siku ya tisa wakanipangusa shavu kwa ndani
kwa kijiti cha pamba, taratibu,
kama mama anavyomtoa mtoto utando wa maziwa.
Kisha Maweni, miezi kumi na mmoja,
nikisubiri jibu nililokuwa nalo.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo, miwani, sauti ya chini.
Alitaja tarakimu ndefu kama treni ya mkonge,
mtu mmoja katika mabilioni mangapi sijui.
Ukumbi ukaguna. Mke wangu akavuta mtandio usoni.
Hata mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja
nikajiuliza: kumbe nilimuua?

Wakili wangu akasimama. Koti lake limepwaya mabegani,
nililiona tangu mwanzo, sikusema.
"Kipimo chako kinajua damu ni ya nani?"
"Kinajua."
"Kinajua ilidondoka lini?"
"Hapana."
"Kwa kisu, au kwa sindano?"
Binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mheshimiwa, nililetewa doa. Sikuletewa usiku wake."

Hapo nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.
Nikaomba wafumue upindo, inchi mbili tu,
na wasitumie wembe, watumie ncha ya pini.
Jaji akainama, wazee wa baraza wakainama.
Doa lilikuwa chini ya uzi.
Uzi wenyewe mweupe, umepita juu yake, safi,
mishono kumi na mmoja, mmoja umekwenda upande
pale kidole kilipouma.

Nimerudi. Cherehani ilishika kutu, nimeitia mafuta.
Aliyemuua Seffu bado anatembea, pengine
huniletea suruali nimpunguzie.
Juzi dada yangu Mwanamvua kaja, kakaa, kazunguka maneno:
"Kwa vile mashine zipo, si umpime na Mwanakheri?
Ile pua, ndugu yangu, watu wanaisema."

Nimempima.
Nilimsimamisha mlangoni kwenye mwanga:
kifua, inchi ishirini na nne;
bega, kumi;
kiuno hakutulia, anatekenyeka, anacheka hadi anakaa chini.
Sketi ya shule, bluu, marinda manane.
Upindo nimemwachia mpana, vidole vinne.
Anakua huyu.