Upindo

Magauni tisa, rangi ya zambarau iliyoiva.
Kitambaa alikileta Ndeshimoni kutoka Moshi
ndani ya sanduku, chini ya dagaa na unga wa ulezi.
Tumeulizia kingine: kimekwisha, hakitengenezwi tena.
Kwa hiyo kwaya yetu ni watu tisa.
Mtu huja, mtu huondoka. Gauni halizai.

Mimi siimbi vizuri, nimo kwa ajili ya sindano.
Mchana nashona mabuibui Ruwi, nyuma ya duka la simu,
shanga nyeusi juu ya kitambaa cheusi, mpaka macho yanaomba likizo.
Usiku nakunja magauni ya kwaya.
Nakunja, sikati.
Anayekuja huenda akawa mrefu.

Ndani ya kola naandika jina kwa uzi.
Lile la soprano lilianza na Nekesa,
kifua kipana, sauti ya kupasua bilauri;
mkataba ukaisha, akarudi Bungoma na blenda mbili.
Nikalibana mabega, likamkaa Tumsifu.
Miezi saba. Mwajiri wake akahamia Doha
akamhamisha pamoja na friji.
Nikafumua mabega, nikashusha upindo: Jepkorir.
Besi tulikuwa naye Wafula, mlinzi wa maegesho,
alivaa shati lake jeupe, hakudai zambarau.
Amepelekwa Duqm. Sasa besi ni Mwikali, mama wa watoto wanne,
na mchungaji amejifunza kutoshangaa.

Ijumaa, Ghala, ukumbi ni wetu saa kumi mpaka kumi na moja na nusu.
Tukizidisha dakika tano
Wafilipino wanakohoa mlangoni, kwa adabu.
Niyonkuru anakitafuta kinanda chini ya viti vilivyorundikwa,
kiyoyozi kinatoa noti yake moja
na sisi tunaanzia hapohapo, ili tusigombane nacho.

Anyigulile, sauti ya pili, yuko Sohar.
Tangu Machi hapewi Ijumaa.
Anaimba chumba cha kufulia, mdomo karibu na simu,
nusu sauti, nusu mnong'ono, mashine ikizunguka nyuma yake,
kisha anatutumia.
Tunaiweka simu kwenye kiti cha plastiki, mahali pake,
na gauni lake limekunjwa chini ya simu,
lisije likasemwa kwamba kiti ni kitupu.

Ndipo akafika Kavinya, wa Kitui, wiki tatu nchini,
miguu bado imevimba kwa ndege na ngazi.
Akafungua kinywa mara moja tu
na Mwikali akaniangalia mimi, si yeye.
Wakasema: mpe la Anyigulile.
Nikasema sindano imevunjika.
Ijumaa ya pili nikasema uzi wa zambarau umeadimika.
Ya tatu sikuwa na la kusema, nikajifanya nina mafua.

Jumanne usiku simu ikalia. Hakuimba.
"Mpe huyo mtoto," alisema, na mashine ilikuwa kimya.
"Ila jina langu usilifumue."

Nikashona Kavinya chini ya Anyigulile,
iliyo chini ya Kwamboka, iliyo chini ya Ndeshimoni mwenyewe.
Kola imekuwa ngumu kama ganda la muhogo.
Alipolivaa akajikuna, akauliza ni nini kinachomkwaruza shingoni.
Vumilia, nikamwambia. Hao ni watu.

Tukaimba. Hatukuimba vizuri sana;
Jepkorir alikimbia mbele, mimi nilibaki nyuma kama kawaida.
Simu tulichelewa kuibonyeza,
kwa hiyo tulipofika amina na kufunga vinywa
Anyigulile alikuwa bado na ubeti mzima,
peke yake, juu ya plastiki tupu,
na mashine ikianza kukamua maji.
Mlangoni Wafilipino walisimama.
Hawakukohoa.