Mashine Saba za Mwaloni

Jumatatu niliingia ghalani kwa Bi Minza Lugendo, Kirumba,
flashi mbili mfukoni, usingizi wa saa tatu kichwani.
Magunia ya dagaa yamepanda hadi kwenye mabati,
na chini yake kompyuta saba, kila moja na feni
inayokohoa vumbi la samaki.

"Ijumaa," akasema, "mteja wa Lubumbashi kasimama hapo ulipo,
magunia mia mbili yanangoja mizani,
mashine inaniambia: subiri, najisasisha.
Asilimia kumi na nne.
Asilimia kumi na nne.
Yule bwana akala muhogo, akamaliza soda, akaenda kwa Mafuru."

Mifumo ile aliwekewa na kijana mmoja wa stendi,
elfu kumi na tano kila mashine,
leseni ya kuokota, na virusi juu yake
kama nyanya ya nyongeza.

Usiku mzima nilikuwa nimeikagua mifumo huria
kama mshenga anayechunguza koo za watu:
huu una sura, lakini mlafi, memori yote haimtoshi;
huu unazaliwa upya kila wiki, na ndio ninaoupenda,
ninao nyumbani Mabatini,
uliwahi kunivunjikia saa nane za usiku
nikacheka, nikaona raha kuutibu.

Lakini raha yangu si mizani ya mtu.
Nikachukua ule mkongwe usio na shamrashamra,
unaobadilika polepole kama bei ya chumvi.

"Shilingi ngapi?"
"Mfumo ni bure, mama. Utalipia kazi yangu."
Akaacha kuhesabu noti.
"Cha bure nakijua. Ziwa hili lilikuwa la bure.
Kila mtu akaja na kokoro lake,
leo sangara tunampima kwa vidole.
Cha wote hakina wa kukifagia."

Sikuwa na jibu mkononi.
Nikasema, samaki ukimvua, mwenzako hamkuti;
huu ukiuchukua, unaubakiza palepale.
Na wapo wanaoufagia. Siwajui sura.
Jana nimelala, mmoja wao kaziba tundu.
"Analipwa?"
"Wengine wanalipwa."
"Na wasiolipwa?"
"Sijui, mama. Labda wanaona raha."
Akanitazama anavyotazama gunia lililolowa chini.

"Haya. Na wewe ukihamia Dodoma, nimgongee nani?"

Nilikuwa nimepima kasi, memori, umri wa viraka.
Hilo sikulipima.

Nikamwita Kabula wa risiti, yule binti
anayeandika idadi ya magunia kiganjani.
Kaa kwenye kiti, nikamwambia, mimi nitakaa kwenye gunia.
Mashine ya pili aliiweka kwa mikono yake, na ya tatu;
ya nne alinikataza kunyoosha kidole.
Tukaanza daftari: umeme ukikatika, fanya hivi.
Printa ikigoma, tazama waya kwanza,
usianze na majini.

Ya saba ilitukatalia.
Kimashine cha risiti za kodi hakikusikilizana nayo,
programu yake inajua mfumo mmoja tu duniani, ule wa kununua.
Nikabembeleza, nikadanganya, nikazima, nikawasha,
hadi adhana ya magharibi.
Kisha nikasema: hii ya kona ibaki na mfumo ule,
ila safari hii kwa leseni halali. Hesabu yake hii hapa.

Nilingoja anicheke.
"Basi sita," akasema. "Umesema mwenyewe
kabla sijagundua. Hilo nalilipia."
Noti zake zilinuka dagaa hadi Alhamisi.

Nikifunga begi, Kabula akaomba flashi moja,
kaka yake ana duka la kuchapa karatasi Nansio.
Nikampa. Bi Minza akashusha miwani:
"Kwa hiyo wewe umebaki na nini?"
"Nacho kilekile, mama."
Akaigeuzageuza ile flashi, ndogo kuliko dagaa mmoja,
akamrudishia binti.
"Mwambie kaka yako," akasema, "na yeye aufagie."