Nyeusi Huanza

Katika fumbo hili, Ödön, hakuna adui.
Nyeusi huanza, nyeupe hufuata,
na zote mbili zimekula njama
mfalme mweusi afe kwa hatua tatu.

Kitunda chake mwenyewe kinamzibia mlango.
Ngome yake inajongea kando, taratibu,
kama mtu anayempisha mgeni kwenye korido.
Naye anajiingiza konani kwa miguu yake,
anamsubiri farasi wangu.

Miaka kumi na moja ulikuwa ukilitunga, hapa Szeged,
juu ya meza ya jikoni, paprika vidoleni,
na kila mara niliona njia ya pili.
"Lina tundu," nilikwambia. Ukanuna, ukafuta.
Fumbo lenye majibu mawili ni bure.

Kisha mahakamani: wewe ulileta kalamu,
mimi makaratasi. Ukanishikia koti
nipate kutia saini vizuri.
Hakimu akauliza nani anamshtaki nani.
Tukatazamana.

Leo bahasha yako imefika. Mchoro uleule,
ila umeongeza kitunda kimoja cheusi, ukingoni.
Nimetafuta tangu asubuhi, chai imepoa.

Njia ni moja tu.